TAHADHARI: Anayeuza "muhula mmoja Ulaya" kwa wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Wazazi, walezi na wanafunzi wa vyuo hapa kusini, naomba msome hili lote kabla hela ya korosho haijatoka mikononi mwenu.

Kuna mtu anazunguka na mkoba wa makaratasi, Mtwara mjini, Masasi, na sasa nasikia yuko Nachingwea. Anajiita wakala wa masomo ya nje. Anachouza ni hiki: mwanafunzi aliye mwaka wa pili au wa tatu anatoka, anakwenda kusoma muhula mmoja au miwili Ulaya, kisha anarudi kumalizia digrii yake hapa bila kupoteza hata somo moja. Chuo chake hakihusiki, kila kitu anakipanga yeye. Jina lake siliweki kwa sababu malalamiko yako polisi na sitaki tuharibu kesi. Ila namna anavyofanya naieleza yote, kwa kuwa laini za simu anabadilisha na jina pia anabadilisha.

Aliyenaswa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Newala. Kwetu mtoto akipatwa na jambo mjomba ndiye anayeulizwa, kwa hiyo nimekaa na karatasi zake moja baada ya nyingine, na nimeongea na wenzake waliolipa.

Kwanza angalieni wakati anaokuja. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na baada ya hapo malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima. Yeye anafika hapo hapo. Haongei na mwanafunzi peke yake, anaomba apelekwe kwa mama nyumbani. Anakaa barazani, anaamkia wazee vizuri, anaonyesha picha za vijana waliovaa majaketi mazito, halafu anasema nafasi zinafungwa Ijumaa. Dada yangu alikuwa ndiyo kwanza amelipwa mzigo wake.

Malipo yakaanza. Laki moja ya fomu. Milioni mbili za kushika nafasi. Laki nne za pasipoti, wakati pasipoti ya kawaida Uhamiaji ni shilingi 150,000, yaani 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu chenyewe, na unalipa kwa namba ya malipo ya serikali. Hizi zake zote zilitumwa kwenye namba za simu za watu binafsi, kila mara jina tofauti. Risiti aliandika kwa mkono. Na vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita alivichukua, akidai ubalozi unataka kuviona. Vyeti hivyo bado anavyo, na mpwa wangu alipoanza kuuliza maswali, akaambiwa vitarudi akimalizia deni.

Lakini lililoniuma zaidi ni sentensi moja iliyomo kwenye meseji zake, na kila niliyeongea naye aliandikiwa hiyo hiyo: "Msiwaambie chuo kwanza, watawawekea vikwazo."

Hapo ndipo wizi wote ulipo. Kusoma nje kupitia programu isiyo ya chuo chako ni jambo la kweli, lipo duniani na linafanyika kihalali. Wanafunzi wa Marekani wanaokuja Zanzibar na Arusha kusoma muhula kupitia SIT, taasisi ya Marekani inayoendesha programu za kusoma nje, wengi wao vyuo vyao ni vingine kabisa. Ila wanakuja baada ya chuo chao kukubali kwa maandishi kwamba masomo hayo yatahesabiwa, na baada ya kujulikana ni taasisi gani itatoa transkripti yenye masomo na alama zao. Bila makubaliano hayo, hata ungefaulu masomo yote huko ugenini, ukirudi hapa idara yako haina wajibu wa kukuhesabia hata krediti moja. Anayeamua ni chuo chako, yaani mkuu wa idara, kitivo na ofisi ya msajili. Wakala hana uwezo huo hata awe mwaminifu namna gani. Kwa hiyo anayekuambia ukifiche chuo chako anakuambia ulipie kitu ambacho yeye hawezi kukupa.

Mpwa wangu hakuomba kuahirisha masomo, maana aliambiwa asiseme. Aliacha kuhudhuria, akakosa testi, akakosa sifa za kuingia kwenye mtihani wa mwisho. Bumu lake la muhula, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, nalo liliishia kwenye "bima ya safari". Mwaka umepotea, na safari hakuna.

Mnaotaka kumpima wakala yeyote, huyu au mwingine, zingatieni hili la karatasi, maana ndilo linalowapumbaza watu wazima. Yeye anatoa cheti cha BRELA, TIN ya TRA na leseni ya biashara, vyote vimepigwa laminesheni. Huenda ni vya kweli, sijui na wala havinisumbui. BRELA inasajili kampuni, haisemi kampuni hiyo inaruhusiwa kupeleka wanafunzi nje. Wakala wa kupeleka wanafunzi vyuo vya nje anatakiwa awe amesajiliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na orodha ya mawakala hao iko kwenye tovuti yao. Tafuteni jina la kampuni humo. Halipo, basi mazungumzo yaishe. TCU hiyo hiyo ndiyo inayotoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua tuzo za nje mtu anaporudi. Muulizeni wakala kuhusu hati hiyo. Huyu wetu alipoulizwa na baba mmoja pale Shangani, alisema ni ya watu wa shahada ya uzamili tu. Si kweli.

Na hiyo Ulaya yenyewe. Barua alizogawa zinaonyesha chuo kilicho Saiprasi, upande wa kaskazini. Kisiwa kile kimegawanyika tangu 1974. Upande wa kaskazini ulijitangaza nchi mwaka 1983, na hadi leo inayoutambua ni Uturuki peke yake. Saiprasi iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, lakini sheria za Umoja huo hazitumiki kaskazini, na kibali cha kukaa huko hakikupi njia ya kwenda kufanya kazi Ujerumani au Ufaransa kama anavyowaahidi vijana. Ndege za kwenda huko zinapita Uturuki. Ubalozi wetu hauko pale, mwenye matatizo atategemea ule wa Ankara. Vyuo vipo kweli na wapo wanaosoma, sisemi vyote ni bandia. Nasema mama wa Newala aliambiwa mwanawe anakwenda Ulaya, na hilo siyo alilolipia.

Kuna na "ufadhili wa asilimia 50" ulioandikwa kwa wino mwekundu kwenye kila barua. Nimeziona barua za vijana kadhaa, wenye ufaulu mzuri na wa kawaida, wote wamepewa asilimia hiyo hiyo. Basi huo si ufadhili, hiyo ndiyo bei.

Kijana mmoja wa Lindi yeye aliuziwa "nafasi ya Erasmus" kwa laki nane. Jamani, Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, ile ya kubadilishana wanafunzi inakwenda kwa makubaliano kati ya chuo chako na chuo cha kule, na chuo kinachokupokea hakikutozi ada ya masomo. Nafasi hiyo haina mtu wa kuiuza mtaani. Ufadhili wa DAAD wa Ujerumani, wa Türkiye Bursları wa Uturuki, wa ICCR wa India, yote hayo maombi ni bure, unajaza mwenyewe kwenye mtandao wao. Mtu akikusaidia kujaza fomu ukampa hela ya vocha ni sawa. Akidai ya "kuhakikisha jina linatoka", mkimbieni.

Kwa mwanafunzi anayetaka kweli kwenda, na natamani vijana wetu waende: anza na mkuu wa idara. Mpelekee orodha ya masomo ya huko, aandike yapi yatahesabiwa badala ya yapi. Kisha andika barua pepe kwa chuo cha nje moja kwa moja, kwa anwani uliyoichukua kwenye tovuti ya chuo chenyewe na si kwenye karatasi ya wakala, uulize kama wanamtambua. Ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo. Vyeti halisi usimwachie mtu, nakala zilizothibitishwa zinatosha.

Waliokwishalipa, msifute meseji hata moja na msimtukane, endeleeni kuhifadhi anachoandika. Namba alizotumia zitumeni kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Nendeni kituo cha polisi mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo msikubali mtu awaambie ni suala la kudaiana tu.

Sisi tumefungua malalamiko Mtwara mjini. Mwenye risiti ya mkono au miamala ya kwenda kwa mtu huyu, awe wa Masasi, Tandahimba, Ruangwa au Lindi mjini, na wewe fungua lako kwenye kituo cha karibu, ueleze kwamba kuna malalamiko mengine Mtwara ya mtu anayeuza mihula ya Ulaya, waombe yaunganishwe. Kama na vyeti vyako anavyo, hilo liandikwe kwenye maelezo yako siku hiyo hiyo.