Sahani za makapi ya miwa, vikombe na mfuko "wa mimea": nimevijaribu, sikieni

Haya wadau karibuni tena, leo mezani nina boksi kutoka kwa kampuni moja ndogo inayochukua mabaki ya mimea inayageuza kuwa vitu vya kutumia, sahani, vikombe na mfuko wa kubebea vitu. Nimenunua kwa hela yangu, hawajanituma, na jina silitaji kwa sababu viwanda vidogo vya aina hii vipo vingi na nitakayosema hapa yanawahusu karibu wote.

Tuanze na sahani mana ndo imenifurahisha. Hii ni makapi ya miwa, yani muwa ukishakamuliwa zile nyuzi zinazobaki, viwanda vingi vya sukari huwa vinazichoma tu kwenye boila kupata mvuke na umeme. Hapa wamezisaga na maji mpaka zikawa uji, uji ukatandazwa kwenye wavu wenye umbo la sahani, ukakandamizwa kwa joto maji yakatoka, imeisha iyo. Gundi hamna, nyuzi za selulosi zikikauka zinashikana zenyewe, karatasi nayo inatengenezwa ivoivo. Nimeweka chakula cha moto chenye mafuta nikakiacha muda mrefu, oneni hapa chini, kaunyevunyevu kidogo lakini haijatoboka wala haijapinda, nimeinyanyua kwa mkono mmoja na iko freshi.

Sasa jiulize, mafuta hayajapenya kwa nini? Mana karatasi tupu ingeshalowa zamani. Kwa miaka mingi sahani za namna hii zilikuwa zinachanganywa na PFAS, kemikali za florini zinazosukuma maji na mafuta, na shida yake haziozi, zinabaki kwenye udongo na maji na zinaingia hadi mwilini. Yani unaacha plastiki unakuja kununua sumu nyingine, inauma kwa kweli. Marekani FDA, yani mamlaka yao ya chakula na dawa, walitangaza Februari 2024 kwamba dawa hizo za kuzuia mafuta zimeacha kuuzwa kwao kwa vifungashio vya chakula, ila sahani unayonunua wewe inaweza kutoka popote, so mwombe muuzaji ripoti ya maabara inayoonyesha kiasi cha florini yote. Hawa niliwaandikia wakanitumia bila longolongo, hapo nawapa heko kabisa.

Tuje kwenye kikombe, na hapa tutaongea kidogo. Kinang'aa kama plastiki ya kawaida lakini ni PLA, plastiki inayotokana na mimea, yani sukari ya mmea inachachushwa na bakteria inakuwa asidi ya laktiki, kisha hiyo asidi inaunganishwa kuwa minyororo mirefu. Maji baridi poa kabisa. Nimemimina maji ya moto, angalieni wenyewe, kimenywea. PLA inaanza kulainika kwenye nyuzijoto kama 60 ivi, kwa iyo chai na kahawa sahau, na hilo lilitakiwa liandikwe kwa herufi kubwa ubavuni pa kikombe.

Alafu wameandika "kinaoza". Kinaoza wapi? Nimegeuza chini nikakuta EN 13432, hicho ni kipimo cha Ulaya cha vifungashio vinavyoenda kwenye mitambo ya mboji, ile mikubwa inayoshikilia joto la karibu nyuzijoto 58, na sharti mojawapo ni angalau asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 6. Kwenye rundo la mboji la nyumbani joto hilo halikai, kikombe kitakuwepo miaka, baharini ndo usiseme. Kwa iyo neno lenyewe sio uongo ila mtu anayelisoma akakitupa porini akijua kitaoza amepotoshwa, na mimi hilo siwezi kulipitisha kimyakimya.

Mfuko sasa. Una jani la kijani kubwaaa na umeandikwa umetokana na miwa, na ni kweli, pombe ya miwa inageuzwa gesi ya ethilini, ethilini inakuwa polyethilini, ile plastiki ya mifuko ya kawaida, kampuni ya Braskem ya Brazili wanaizalisha kwa wingi tangu 2010. Lakini ikishakuwa polyethilini ni ileile ya mafuta ya petroli, molekuli haina tofauti, HAIOZI. Uzuri wake ni kwamba kaboni yake mmea uliitoa hewani juzijuzi, na unaweza kuuchakata upya pamoja na mifuko mingine ya polyethilini.

Na msidhani hili la kutokana na mimea ni la kuaminiana tu, linapimika. Mmea ulio hai una kaboni-14 kidogo, aina ya kaboni yenye mionzi, nayo inapungua nusu kila miaka 5,730 ivi, petroli imekaa chini mamilioni ya miaka kwa iyo haina kitu. Maabara wakipima, kipimo kinaitwa ASTM D6866, wanakwambia asilimia ngapi ya kaboni ni ya mmea. Nimewaomba hawa ripoti ya mfuko, mpaka narekodi sijajibiwa, na boksi halijataja asilimia yoyote.

Kwa iyo sahani nunueni, mimi nitanunua tena. Vikombe chukua kama ni vya vinywaji baridi na unapoishi kuna mtambo wa mboji unaovipokea, kama hakuna achana navyo. Mfuko utumie mpaka uchakae ndo uupeleke kwa wanaochakata plastiki, usiuchimbie bustanini, na hao jamaa watoe lile jani au waandike chini yake kwamba hauozi.