Huduma ya kurekebisha mizunguko ya udhibiti baada ya kuhamia mfumo mpya

Tulipouhamisha mfumo wa udhibiti wa kiwanda, mkandarasi alinakili namba zote za mipangilio ya vidhibiti kama zilivyokuwa, na siku hiyohiyo halijoto ya tangi ikaanza kupanda na kushuka bila kutulia. Ninayemsifu hapa ni mhandisi tuliyemwita baadaye. Kwanza aliuweka mzunguko wa nje, ule wa halijoto unaouagiza mzunguko wa ndani kiasi cha mvuke kinachohitajika, chini ya udhibiti wa mkono, kisha akaupima peke yake mzunguko wa ndani, ule wa mtiririko wa mvuke. Ndipo ilipobainika kwamba muda wa integrali (namba inayoamua kasi ya kidhibiti kulimbikiza kosa, yaani tofauti kati ya kipimo kinachotakiwa na kilichopo, ili kulirekebisha; ikipungua, kasi huongezeka) wa dakika 0.2, yaani sekunde 12, mfumo mpya uliusoma kuwa sekunde 0.2, hivyo tendo la integrali likawa na nguvu mara 60 ya ile iliyokusudiwa. Aligundua pia kwamba vali ilipofunguka hadi mwisho, mzunguko wa nje haukupata taarifa, ukaendelea kulimbikiza kosa. Nilivutiwa mno na subira yake, kwani hakuugusa mzunguko wa nje mpaka wa ndani ulipotulia kabisa. Upungufu ni mmoja: maelezo ya mabadiliko aliyatoa kwa mdomo, tukalazimika kumwomba ayaandike.