"Dada, Sogea Kidogo": Uzoefu Wangu na Mgahawa wa Mtaa Niliohamia

Nilikuwa nimepanga kuandika kwa upole. Nimeshindwa, basi soma hivyohivyo.

Nimehamia mji mpya, si muda mrefu. Vyombo bado viko kwenye maboksi, sufuria sijui iko boksi lipi, kwa hiyo jioni zangu za mwanzo zilikuwa za kuzunguka mtaani kutafuta pa kula. Natoka getini, leo naenda kulia, kesho kushoto, kila siku naongeza kona moja. Maduka niliyamaliza upesi na sina la kulalamika. Muuza vifaa vya umeme aliniuliza nataka balbu ya pini au ya kuzungusha, nikabaki namkodolea macho. "Kapige picha pale inapochomekwa, uje." Nikarudi na picha, akaijaribu balbu palepale kaunta, ikawaka, kwaheri. Hakunichekea, hakuninunia.

Sasa mgahawa. Uko kona ya tatu, ni msafi, na kwenye ramani ya simu una nyota nne na ushee. Jina silitaji, kwa sababu sijui kesho hasira hizi zitakuwepo au zitakuwa zimepoa.

Niliingia saa kumi jioni, wakati waliokula mchana wameshaondoka na wa usiku hawajafika. Meza zote tupu, isipokuwa moja ya wazee wawili waliokuwa wanagawana gazeti. Nikakaa dirishani. Mtu asiyejuana na yeyote mji mzima anahitaji dirisha, walau aone watu wakipita.

Mhudumu, kijana tu, akaja na daftari lake. "Karibu dada. Unasubiri mtu?"

"Hapana."

"Basi naomba usogee kidogo, hii ni ya watu wanne."

Nikasogea hadi ya watu wawili, katikati ya ukumbi. Sijaweka hata mkoba, huyo karudi. "Samahani dada, hii tunaiunganisha na ile, kuna wateja wanakuja. Sogea kidogo." Nikasogea. Meza ya tatu ilikuwa na mguu mfupi uliowekewa karatasi iliyokunjwa. Ukiegemeza kiwiko inakuinamia kama inakusalimu. Hata hiyo sikudumu nayo. "Dada, kidogo tu, hapo tunapita na sinia." Kidogo hicho kikanifikisha kwenye meza iliyobanwa kati ya mlango wa choo na ndoo ya kudekia. Ndoo ina maji. Dekio limo ndani.

Mimi "kidogo" nimelijua tangu utotoni kama neno la adabu. Nipishe kidogo, nina neno na wewe kidogo, subiri kidogo mwanangu. Yule kijana alilishika kama fimbo ya mchungaji. Kila kidogo ilikuwa hatua kumi, na kila hatua inaelekea chooni.

Hesabu yao naijua, msinifundishe. Mtu mmoja akikalia viti vinne saa ya msongamano, vitatu haviingizi kitu, na kodi ya pango haijali kwamba nimekuja peke yangu. Ningeambiwa hivyo saa mbili usiku, watu wamesimama mlangoni, ningehama bila neno. Lakini saa kumi jioni? Na hao wateja wa kuunganishiwa meza: nimekula, nimemaliza, nimelipa, nimetoka, hawajatokea. Labda walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka mji mwingine.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba chakula kilikuwa kizuri. Kizuri kweli. Kimekuja kinafuka moshi, chumvi mahali pake, mafuta mapya. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huyajua kwa weusi wake, na harufu unarudi nayo nyumbani kwenye nguo, hapa hakuna. Nilikula mkono mmoja umezuia mlango wa choo usinipige bega, na bado nikaikomba sahani. Nilipofika nyumbani nikaandika nyota tatu, nikafuta, nikaweka mbili.

Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kwenda. Zile nyota nne na ushee ni wastani tu, na wastani hauniambii kama waliozitoa walikuja wanne wanne kusherehekea. Kwenye maoni kuna sehemu ya kutafuta neno. Nikaandika "peke yangu". Wakatokea watu, tena si mmoja, na mwenzangu mwingine ameutaja mlango wa choo waziwazi! Siku hizi maoni ya nyota tano siyaangalii, wala ya nyota moja ya watu wenye hasira kama mimi. Nasoma ya nyota tatu, naanzia yale mapya, halafu natafuta neno linalonihusu.

Ningeishia hapo. Wiki iliyopita, au ile ya kabla yake, rafiki wa kazini akasema kuna mahali pazuri anataka kunipeleka. Mnajua ni wapi. Nikanyamaza nione. Tumeingia wawili, saa ya watu, ukumbi umejaa. Kijana yuleyule, tabasamu hadi magego. "Karibuni sana, karibuni dirishani." Meza ileile. Ya watu wanne! Akatuvutia viti, akaniuliza kama upepo unanisumbua. Alishanisahau kabisa, na sijui kama ningependa anikumbuke.

"Si nilikwambia wana adabu?" rafiki yangu akasema.

Nikakaa pale dirishani nakula chakula kilekile, hasira zimenipanda kuliko siku ya ndoo. Maana siku ile ningeweza kujiambia kijana hajafundishwa kazi. Kumbe anaijua sana, ila anaianza kwa watu wawili. Nyota mbili zikawa moja nikiwa bado natafuna.

Sufuria imeonekana, ilikuwa kwenye boksi la vitabu. Na rafiki yangu ametuma ujumbe anauliza kama Ijumaa twende tena. Nimekubali, kwa sababu ya chakula tu. Ila nimemwomba achelewe nusu saa, nitangulie mimi.