TAHADHARI: "Dawa ya kutu" ya fimbo za kuvulia inayouzwa kwenye chupa ya maji

Wenzangu wa mshipi, hasa nyinyi wa Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi mnaotumia kusi hii kutengeneza vyombo kabla kaskazi haijarudi: kuna jamaa anauza "dawa ya Kijerumani" ya kutoa kutu kwenye fimbo za zamani. Chupa ya nusu lita ni shilingi 1,500. Ukitaka akusafishie mwenyewe, 4,000 kwa fimbo. Mimi nimelizwa kote kuwili. Jina lake sitalitaja, ila mbinu zake nazieleza mumjue hata akija na laini nyingine.

Fimbo zangu ni mbili, za marehemu baba aliyekuwa nahodha wa boti za watalii. Moja ni ya mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa, kazi ya Hardy wa Uingereza. Viungo vyake ni vya ile inayoitwa fedha ya nikeli (jina tu hilo, fedha haimo, ni shaba, nikeli na zinki) na kitakoni ina kofia ya shaba ya njano (shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki). Ya pili ni faibaglasi nene ya kuvulia sulisuli, ina pete za roli (zenye vigurudumu vya kupitishia mshipi) zilizopakwa kromu na kishikio cha rili, ile ya kukunjia mshipi, cha alumini kilichotiwa rangi ya dhahabu kiwandani. Zilikaa darini miaka na chumvi yake. Shaba ikaota ukoga wa kijani, kromu ikatoka vipele.

Video zake mmeziona bila shaka. Anachovya pete nyeusi, anahesabu mpaka kumi, anaitoa inameta. "Ona mzee, mpya kabisa." Na hapo hadanganyi. Uongo uko pale video inapokatika.

Nilianza na kile kitako cha Hardy. Kijani kikatoka kufumba na kufumbua, nikamwita mke wangu aje aone. Asubuhi yake shaba imekuwa ya waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga. Maana yake zinki imeliwa juu na kubaki shaba nyekundu tupu, laini, yenye vijitundu. Kishikio cha alumini nacho kilichemka povu mkononi mwangu; ile rangi ya dhahabu ikaenda na maji, kikabaki kijivu kama jivu la jiko. Kwenye mwanzi dawa ilipenya chini ya kiungo, na nyuzi za hariri zilizofungiwa pete zikaanza kuachia.

Lakini kilichonifumbua macho ni ndoana. Chupa niliihifadhi kwenye sanduku la vifaa, kifuniko kimekazwa vizuri. Baada ya siku nne nafungua, ndoana zote zina kutu ya machungwa, na hakuna hata moja iliyoguswa na dawa. Mvuke tu ndio uliofanya hayo. Nikachukua kipande cha jiwe la matumbawe ukutani, nikadondosha matone mawili: likafoka kama soda iliyotikiswa. Fundi wa vigae jirani yangu alinusa kwa mbali akacheka. "Kaka, hii si ile asidi tunayooshea saruji?" Ndiyo hiyo hiyo, asidi ya hidrokloriki, imebandikwa karatasi ya Kijerumani. Duka la vifaa vya ujenzi wanaiuza kwa bei ya kutupa. Na kloridi iliyomo ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye chumvi ya bahari, kwa hiyo ikibaki kwenye nyufa za viungo inaendelea kula chuma wakati wewe umelala.

Ubaya ni kwamba kabla ya kugundua hayo nilikuwa nimeshampelekea ile ya sulisuli aitie mkono mwenyewe. Imerudi inang'aa kweli, ila pete si zangu. Ni nyepesi, na sumaku ya spika imezing'ang'ania. Zangu zilikuwa shaba chini ya kromu, sumaku haikuzishika. Nilipomuuliza akajibu, "Mzee, hizo ndizo ulizoleta," kisha akanifungia. Pesa ya M-Pesa imeshaliwa.

Siku hizi nasikia anauza pia fimbo "iliyoachwa Malindi na Hemingway mwaka 1934". Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, ni kweli alivua Malindi mwaka huo. Lakini fimbo kwenye picha ni ya faibaglasi, na hizo zilianza kuuzwa baada ya Vita vya Pili. Hesabu wenyewe.

Kama umeshachovya kitu chako, kioshe kwa maji mengi ya bomba, kisha kiloweke kwenye maji yenye magadi ya kuokea mpaka povu liishe, suuza tena, kausha, paka mafuta. Chupa iliyobaki usiichanganye na jiki hata tone, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Fimbo ambayo haijaharibiwa haihitaji miujiza. Maji baridi ya bomba kwanza, kuondoa chumvi. Kiungo kilichokwama kitie mafuta ya taa usiku kucha. Kromu yenye vipele isugue kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Waya wa kusugulia sufuria uache jikoni, unakwaruza na kuacha chembe za chuma zinazoota kutu upya. Shaba tupu inatosha kwa Brasso na pamba, au ndimu kwa dakika chache halafu maji. Alumini ya rangi ni sabuni tu, ndimu usiisogeze. Mwisho paka nta ya gari.

Na mkiona mtu anauza pete za roli za zamani, seti ya tano, kubwa kuliko zote ina alama ya tupa kando ya skrubu, nishtueni. Alama hiyo aliiweka baba. Nitazinunua tena, bei haidhuru.