CD ya Goldberg Variations, Glenn Gould 1981: nyota tano
Jamani hii CD ya Glenn Gould akipiga Goldberg Variations za mtunzi Bach kwa piano, ile ya 1981, msiikose. Inaanza na aria, yaani kipande kifupi cha taratibu, zinafuata variesheni 30, yaani vipande vilivyojengwa juu ya aria hiyo kwa namna tofautitofauti, halafu aria ileile inarudi mwishoni, na ikirudi unaisikia tofauti kabisa maana ushatoka nayo mbali, mi hapo ndo machozi hunitoka. Alishairekodi 1955 akiwa kijana, mbiombio, dakika 38 hivi, hii ni kama 51, katulia, kila noti unaisikia. Kuna mahali anasikika akiimba kwa chini huku anapiga, wengine inawakera ila mi naipenda sana, kama vile yuko sebuleni kwangu. Kasha tu ndo lilinifikia limepasuka. Sikilizeni usiku, simu mzime.