Kununua kofia ya motokrosi Malindi: kagua mkanda kwanza

Malalamiko ya waendeshaji wa motokrosi Malindi, wale wa pikipiki za mbio za mchangani na miruko, yanafanana. Kofia imenunuliwa mpya, ina mdomo mrefu wa kuzuia jua, inapendeza, na mtu akianguka kwenye mchanga wa Mambrui inamvuka kabla hajatulia chini. Wengi hulaumu saizi. Mkosaji mara nyingi ni mkanda wa kidevuni, na dukani hakuna anayeutazama.

Anayeanguka kutoka kwenye mruko hagongi mara moja, hubiringika. Pigo la kwanza huisogeza kofia, la pili hulikuta fuvu. Tena kwenye mbio aliye nyuma yako anaweza kukutua mgongoni. Kofia iliyokwisha kuruka pembeni haimfai mtu.

Vifungo vinavyoonekana sana ni vya namna mbili. Kile cha kubofya kina springi ndogo na meno, mara nyingi ya plastiki. Huku kwetu mchanga hukwama kwenye meno, chumvi hula springi, nacho hulia “tik” ilhali hakijashika. Namna ya pili ni pete mbili za chuma zenye umbo la D. Hizo ndizo za kununua. Pitisha ncha ya mkanda katika pete zote mbili, irudishe juu ya pete ya nje, ipite katika ya ndani tu, halafu uvute. Kati ya mkanda na koo kiingie kidole kimoja. Sasa shika ukingo wa chini kisogoni, usukume juu kuelekea mbele kwa nguvu zako zote. Kofia ikikuvuka, hiyo si yako. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, mwachie kofia yake.

Funua sponji za mashavuni uone mkanda unakoanzia: uwe umepigwa riveti kwenye ganda lenyewe. Kwa kofia za ECE 22.06, kiwango cha usalama kitumikacho Ulaya, lebo hushonewa kwenye mkanda huohuo, na ina E ndani ya duara. Herufi P maana yake kinga ya kidevu imepimwa na kupita. NP ni kinyume chake, iache.

Namba moja kwangu ni Fox V1, wala sifichi mapenzi yangu. Ina pete mbili, na matoleo ya karibuni hushika mdomo kwa sumaku, kwa hiyo ukijikita mchangani mdomo hubanduka badala ya kukupinda shingo. Ya pili ni Bell MX-9 MIPS; MIPS ni tabaka la ndani linaloteleza kidogo kichwa kikipigwa pigo la kukizungusha. Ganda lake ni la polikaboneti, plastiki ngumu, pete mbili zipo, ila mdomo wake hushikwa na skrubu. Zikiwa za plastiki na zikapotea, usikubali fundi akutilie za chuma. Za plastiki zimekusudiwa zivunjike. Ya tatu LS2, ambayo hutengeneza kofia za pete na za kubofya pia, basi usinunue kwa jina tu.

Za chini ya shilingi 2,000 sina la kuzisemea. Ukibonyeza ndani kwa kidole gumba ukakuta sponji laini bila povu gumu, umeshika kofia ya jua.

Lakini wauzaji wetu nao wanatuonea. Wanatundika kofia mlangoni, zinapigwa na jua la kaskazi miezi mizima, kisha bei ni ileile ya kitu kipya. Wengine wanabandika stika ya DOT, alama ya kiwango cha Marekani, kwenye ganda tupu. Wako pia wanaochukua mtumba uliokwisha anguka, wakaupiga rangi ya kupuliza inayoficha nyufa, na vimiminika vya rangi hiyo vinaweza kudhoofisha polikaboneti na kuyeyusha povu la ndani. Anayeuza hivyo anacheza na roho za vijana wetu, na bado anataka umpe faida ya nauli ya kutoa mzigo Mombasa. Mwambie akuletee iliyo ndani ya boksi, na ukae hapohapo dukani uifunge na kuifungua mara kumi kabla hujalipa.