Pathological Society au Royal College: lipi linamfaa mwanapatholojia kijana?

Uingereza ina taasisi mbili za patholojia, fani ya kuchunguza magonjwa kupitia tishu na sampuli za mwili, ambazo wageni huzichanganya. Pathological Society ilianzishwa mwaka 1906. Royal College of Pathologists ni mdogo wake: ilizaliwa 1962, ikapata hati ya kifalme 1970.

College ndiyo yenye rungu. Bila kufaulu mtihani wake wa sehemu mbili, FRCPath, njia ya kawaida ya kuwa daktari bingwa wa patholojia imefungwa. Pia hutoa miongozo inayotaja mambo ambayo ripoti ya saratani haipaswi kukosa: ukubwa wa uvimbe, kingo za kipande kilichokatwa, tezi za limfu zilizoathirika. Ni kazi kavu, lakini daktari wa upasuaji anayesubiri majibu huithamini kuliko makala yoyote ya kisayansi.

Society haimpi mtu leseni wala cheo. Utajiri wake ni jarida, The Journal of Pathology, lenye mizizi katika lile alilolianzisha German Sims Woodhead mwaka 1892. Huongeza mikutano ya kisayansi na ruzuku ndogondogo, zikiwemo za wanafunzi wa udaktari. Hapo ndipo ninapoipendelea: mwanafunzi aliyepewa wiki chache za kuchunguza tishu chini ya hadubini aweza kuipenda fani ambayo wenzake huiona ni ya maiti tu.

Kwa anayetafuta kazi, aanze na College. Mwenye swali la utafiti linalomnyima usingizi aende Society, hata kabla hajafanya mtihani wowote.